Doa kwenye wayo: Picha za uchunguzi na saratani adimu ya ngozi kwa mkazi wa Rujewa

Wakati Serikali ikiendelea kusogeza vipimo vya radiolojia karibu na wananchi, lipo swali linalowahusu wakazi wa Rujewa wilayani Mbarali: picha hizo zitamsaidia nini mkulima mwenye doa jeusi kwenye wayo?

Doa hilo huweza kuwa melanoma, saratani adimu ya ngozi ambayo kwa Waafrika hujitokeza zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, na jua si chanzo chake kikuu. Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa nayo katika kidole cha mguu mwaka 1977. Alifariki dunia Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36, ikiwa imekwisha kufika kwenye mapafu na ubongo. Katika majaruba ya Usangu, ambako watu hushinda miguu mitupu ndani ya matope, doa la namna hiyo ni rahisi kudhaniwa kuwa fangasi au alama ya jembe.

Picha haithibitishi saratani ya ngozi. Kinachothibitisha ni kinyama kinachokatwa na kupelekwa maabara. Kazi ya picha ni kuonesha ugonjwa umefika wapi. Melanoma ya mguuni kwa kawaida hupitia kwanza tezi za kinena, pale watu wanapoota mtoki. Ultrasaundi, ambayo ni kipimo cha ngazi ya hospitali ya wilaya, huweza kuonesha tezi iliyobadilika umbo kabla kidole hakijaihisi, na humwongoza daktari kuchoma sindano mahali sahihi ili kuvuta chembe. Kwa mgonjwa wa aina hii, kipimo hiki ndicho chenye faida ya mapema zaidi. Eksirei ya kifua huonesha vivimbe vikubwa vya mapafu. Vidogo huhitaji CT skani, yaani safari ya zaidi ya kilomita 100 hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Majibu hayo hubadili matibabu. Tezi zikiwa safi, upasuaji wa mguuni unaweza kutosha. Mapafu na ini vikiwa vimeguswa, kukata mguu peke yake hakuponyi, na rufaa ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, huwa ya kupanga matibabu ya mwili mzima. Kwa familia inayouza mpunga ili kupata nauli, tofauti hiyo si ndogo.

Mgonjwa anapoandikiwa rufaa anashauriwa kuhakikisha majibu ya maabara na ya ultrasaundi yameambatanishwa, kwani bila hayo hospitali inayompokea hulazimika kuanza upya.