Neno la Mhariri: Hodi Mlangoni, Hodi Moyoni

Msafiri atokaye Tunduma kwenda Vwawa au Mbeya, awe amevuka kutoka Nakonde asubuhi hiyo hiyo au awe mzaliwa wa papa hapa mpakani, hujua kwamba basi huenda likasimamishwa njiani, askari akapanda, akatazama nyuso, kisha akaamuru mabegi yashushwe na kufunguliwa kando ya barabara. Hatusemi kwamba jambo hilo halina sababu. Barabara ipitishayo malori ya shaba kutoka Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam hupitisha pia magendo, na watu wasafirishwao kwa siri kuelekea kusini, na mlinzi wa mpaka asiyetazama chochote hana alilindalo. Wala insha iliyotusukuma kutoa toleo hili, ambayo mwandishi wake ni mwanafunzi wa sheria mzaliwa wa Tunduma, haikuandikwa kulalamikia kufunguliwa kwa begi. Iliandikwa kwa sababu ya yaliyofuata.

Chini ya mfuko wa maharage aliopewa na mama yake ampelekee shangazi, palikuwa na daftari ambamo kijana huyo huandika mawazo yake, na katika ukurasa mmoja alikuwa ameandika kwamba hamwamini Mungu. Askari alisoma, akamtaka ashuke, akatoa fomu ya maelezo. Jina, kabila, umri, kisha dini.

"Afande, sina dini."

"Kijana, kila mtu ana dini. Baba yako anasali wapi?"

"Moravian, afande."

Kalamu ikashuka, likaandikwa neno Mkristo, na kijana akaambiwa atie saini. Akatia. Nguo zake zilizotandazwa changaraweni, asema, alikwisha kuzisahau kabla basi halijafika Mlowo; saini ile hajaisahau hata leo, kwani kwa mkono wake mwenyewe alishuhudia jambo lisilokuwamo moyoni mwake.

Hapa ndipo upekuzi wa begi ulipogeuka kuwa upekuzi wa dhamiri, nami nashikilia kwamba kinga ya hayo mawili ni moja. Katika adabu tuliyolelewa nayo, mtu havuki kizingiti cha mwenziwe mpaka apige hodi na kuitikiwa, na asipoitikiwa mara ya tatu hurudi zake bila kinyongo. Dola nayo ina hodi yake, nayo ni sheria. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yataka, kwa kawaida, nyumba isipekuliwe bila hati ya maandishi, kinachochukuliwa kiandikiwe stakabadhi na mashahidi watie saini, na mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenziwe kwa staha. Na hata pale inapompa askari ruhusa ya kupekua bila hati, yamtaka awe na sababu ya maana. Juu ya sheria hiyo imesimama ibara ya 16 ya Katiba, inayohifadhi nafsi ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake ya faragha, ikiwa ni sehemu ya haki zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kungoja hadi 1988 ndipo mwananchi akaweza kuzidai mahakamani.

Na moyo je, una hodi? Ibara ya 19 ya Katiba hiyo hiyo humwachia kila mtu uhuru wa mawazo na imani na uchaguzi katika mambo ya dini, na ibara ya 3 yatamka kwamba nchi hii haifungamani na dini yoyote. Sensa zetu hazimuulizi mtu dini yake tangu ile ya 1967. Lililo zito zaidi ni kwamba Sheria ya Viapo ya mwaka 1966 humruhusu asiye na imani ya dini athibitishe kwamba atasema kweli, badala ya kuapa; basi mahakama, ambako maisha ya mtu huweza kutegemea neno moja la shahidi, inalipokea neno la asiyeamini, ilhali fomu ya kando ya barabara imelikataa.

Atakuwapo wa kuuliza: asiyemcha Mungu atazuiwa na nini asidanganye? Kijana huyu alikuwa na njia nyepesi. Angetaja dini ya baba yake tangu mwanzo, angerudi kitini pake mapema. Alisema kweli mbele ya mtu mwenye amri juu yake, na uongo ukaandikwa na mwingine.

Sisi wa nyanda hizi tunajua mwisho wa upekuzi usio na hodi. Katika miaka ya 1930 waganga wa mchapi walitoka Nyasaland wakapita Rhodesia ya Kaskazini hadi Ufipa, wakisaka wachawi na kuwanywesha watu dawa ya kuwatakasa na uchawi. Na katika miaka yetu hii, Songwe na Rukwa, jina tulisikialo ni lambalamba, wapitao nyumba kwa nyumba wakitafuta pembe na hirizi. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, nayo yakataza kumtuhumu mtu uchawi, lakini anayewafungia mlango hunong'onwa kijijini kuwa ana alichokificha, na kukataa kwenyewe kukafanywa ushahidi. Ndivyo ilivyo pia kwa asiyesali.

Mimi ni mtu wa sala, na imani yangu ndiyo inayonituma kusema haya. Wapokezi husimulia kwamba Khalifa Umar alipanda ukuta wa nyumba akamkuta mtu na pombe, na mtu yule akamjibu kwamba yeye ametenda kosa moja, bali Khalifa ametenda matatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, wala hakutoa salamu, na Umar, pamoja na haiba yake yote, akaondoka. Katika Ufunuo, Yesu mwenyewe asimama mlangoni akabisha, akingoja afunguliwe. Ikiwa Khalifa aliondoka, na Yesu angoja, nani kati yetu aliyepewa ruhusa ya kuvunja?

Tunawaomba wenye mamlaka jambo dogo: maadamu fomu ingali na nafasi ya dini, jibu liandikwe kama lilivyotoka kinywani. Sisi tumeanza. Insha ya kijana huyu yafuata ukurasa wa pili, na pale alipoandika kwamba hana dini, tumepaacha hivyo hivyo.