Mazungumzo na Bwana Shamba: Damu Ikipungua, Tafuta Chanzo

Mwezi huu siandiki juu ya mbegu wala mbolea. Naandika juu ya damu. Mkulima mwenye damu kidogo hawezi kulima.

Miaka kadhaa iliyopita nilitembelea mashamba ya mpunga huko Mpimbwe. Wakulima walikuwa wanapalilia. Mmoja alikuwa amekaa kando ya jaruba, na ilikuwa bado asubuhi. Nilimkemea mbele ya wenzake. Nilimwita mvivu. Baada ya wiki mbili alianguka shambani. Zahanati walimpima, wakakuta damu kidogo sana. Tumboni alikuwa na minyoo ya safura. Nilikwenda kumwomba radhi. Tangu siku hiyo simwiti mtu mvivu kabla ya kumtazama vizuri.

Utamtazamaje? Vuta kidogo kope la chini la jicho. Ndani pawe pekundu. Pakiwa peupe, huenda damu imepungua. Tazama pia viganja na ulimi. Mtu huyu huchoka upesi, husikia kizunguzungu, na moyo humwenda mbio. Wengine hutamani kula udongo.

Mahindi yakiwa manjano, siwaambii watu waweke mbolea mara moja. Kwanza nachimba, nitazame mizizi. Damu nayo ni hivyo. Hupungua kwa sababu nyingi:

1. Kukosa madini ya chuma. Mwili hutumia madini haya kutengeneza damu. Mtu anayekula ugali bila mboga wala kitoweo huyakosa.

2. Safura. Minyoo hii huingia kwa kutoboa ngozi ya miguu, kisha hunyonya damu tumboni. Hutoka kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi.

3. Malaria. Vijidudu vyake huvunja chembe nyekundu za damu. Watoto wadogo huumia zaidi.

4. Kutoka damu. Damu hupotea wakati wa kujifungua, kwa hedhi nyingi, kwa vidonda vya tumbo au kwa kichocho.

5. Kukosa vitamini za kutengeneza damu. Hizi zimo katika mboga za majani, maharage, nyama, samaki na mayai.

6. Sikoseli, yaani selimundu. Mtoto huirithi kwa baba na mama wote wawili. Siyo uchawi.

Basi tufanye nini? Nenda zahanati ukapimwe. Mwenye safura hupewa dawa ya minyoo. Mwenye malaria hutibiwa malaria. Anayekosa madini ya chuma hupewa vidonge. Vidonge hivyo hufanya choo kuwa cheusi. Usiogope, wala usiviache ukipata nafuu. Vimalize kama ulivyoagizwa. Mwenye sikoseli asipewe vidonge vya chuma kwa kubahatisha. Ana matibabu yake, na ahudhurie kliniki.

Soda nyekundu haiongezi damu. Rangi siyo damu.

Nyumbani, kuleni dagaa wa Karema na Ikola, maini, maharage, matembele na kisamvu. Ongezeni chungwa, embe au limau, ili mwili upate chuma zaidi. Msinywe chai pamoja na chakula. Subirini kama saa moja. Chimbeni choo na mkitumie. Vaeni viatu shambani. Laleni ndani ya chandarua.

Sasa neno kwa akina baba. Mama mjamzito aanze kliniki mapema, na ameze vidonge vyake kila siku. Akijifungua atapoteza damu. Kama tangu mwanzo ana damu kidogo, anaweza kufa. Usimwache abebe kuni na maji peke yake.

Ukiona mtu anahema hata akiwa amekaa, au mtoto mwenye homa ana viganja vyeupe, usingoje kesho. Mpeleke kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo. Huenda akahitaji kuongezewa damu.

Ndugu msomaji, leo jioni msomee jirani asiyejua kusoma. Kisha tazamaneni macho.

Tuonane mwezi ujao.