Sidiria Nayo Iulizwe Kliniki

Mwanamke anayefika kliniki akilalamikia maumivu ya mabega na mgongo wa juu huulizwa juu ya kazi zake, mizigo anayobeba na godoro analolalia. Huandikiwa dawa ya kutuliza maumivu, akaondoka. Ni nadra kuulizwa juu ya sidiria aliyoivaa, ingawa kamba zake huenda zimechimba mifereji mabegani. Mhudumu huona haya kuuliza, na mgonjwa huona haya kutaja.

Uzito wa matiti, kinyume na wanavyodhani wengi, haupasi kubebwa na kamba za mabegani. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya mkanda unaozunguka kifua chini ya matiti. Mkanda uliolegea hupanda mgongoni, mzigo ukahamia mabegani. Mvaaji naye huzikaza kamba, na maumivu yakazidi. Kikombe kilicho kidogo hulikata titi, na waya wake hukalia nyama badala ya kulizunguka. Kwa mama anayenyonyesha, mbano huo waweza kuzuia maziwa kutoka vyema na kuchangia titi kuvimba na kuuma. Jasho linalonaswa chini ya titi nalo hualika fangasi, jambo lisilo geni katika joto la Dar es Salaam.

Kinachowapoteza wengi ni herufi. Herufi C peke yake haisemi kitu: kikombe cha 34C hulingana kwa ujazo na cha 36B, na pia na cha 32D. Anayepunguza namba ya mkanda, basi, hana budi kupandisha herufi.

Wanawake wasilaumiwe. Sokoni sidiria hukadiriwa juu ya blauzi, mbele ya wapita njia, na mahali pa kujaribia hapana. Nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku nchini Tanzania, lakini bado huuzwa, na mwenye fedha kidogo huzinunua. Mbali na suala la usafi, mpira wake umekwisha kulegea. Mkanda wa namba hiyo haushiki tena.

Hapa ndipo kliniki ya wajawazito ingeweza kusaidia bila gharama mpya. Utepe wa sentimita unaopimia kimo cha mfuko wa uzazi hupima pia kifua: mara moja chini ya matiti, mara ya pili penye kimo chake kikubwa. Mama aelezwe kwamba mkanda ukae sawa mbele na nyuma, vidole viwili vipenye chini yake, na sidiria mpya ifungwe kwenye kishikizo cha nje kabisa, maana italegea kwa kuvaliwa. Aelezwe pia kwamba kipimo hubadilika kwa mimba, kunyonyesha na uzito, hivyo cha mwaka juzi hakiaminiki. Mazungumzo hayo ni ya dakika chache, na vigumu kuona kwa nini yasiwemo katika elimu ya asubuhi.

Pana mpaka mmoja. Sidiria inayobana haileti saratani, na inayokaa vema haiiondoi. Uvimbe mpya, chuchu inayotoa damu au iliyoanza kuingia ndani, ngozi ya titi iliyobonyea: hayo yapelekwe kuchunguzwa mara moja, hata kama mwenyewe ana hakika kwamba ni waya tu uliomchoma.