Kiyoyozi nacho kinahema!

Jamani, mwezi wa kumi Tabora jua si mchezo. Mjanja mmoja wa mtaani kwetu kafunga kiyoyozi, lile boksi la nje kalibana koridoni, eti anaogopa wezi. Wiki haijaisha, chumba bado moto, LUKU inayeyuka kama barafu.

Sikia, kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinabeba joto la ndani na kulitupa nje, basi. Kikila umeme wa kilowati 1, kinaweza kutoa chumbani joto la kilowati 3, kwa hiyo nje zinatoka 4. Boksi likifungiwa, linavuta tena hewa yake lenyewe ya moto. Linachoka, unalipa wewe. Liweke kweupe, lisipulizie dirisha la jirani. Wezi? Lizungushie nondo, upepo upite.

Hujafikia kiyoyozi? Tembelea tembe la makumbusho pale Kwihara, walipofikia Livingstone na Stanley mwaka 1872 wakitoka Ujiji. Kuta nene za udongo, joto la mchana linachelewa kupenya. Nawe fungua madirisha usiku kukiwa na kaubaridi, mchana yafunge. Wavu wa mbu usisahau. Bure kabisa!

Haya, tuonane wiki ijayo.