Je, Kazi ya Shule Ifanyiwe Nyumbani?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti la chama chetu niseme machache juu ya jambo linalozungumzwa sana barazani hapa Masasi, na hata kule Newala, nalo ni hili: je, mtoto wa shule hupata faida akipewa kazi ya kufanyia nyumbani? Wengi wetu sisi makarani tu wazazi, na wengine tumo katika kamati za shule. Kwa hiyo neno hili latuhusu.

Wako wenzetu wasemao kwamba faida yake haina shaka. Husema, "Samaki mkunje angali mbichi," na kwamba mtoto asiyezoea kukaa peke yake na daftari lake hatakuwa mtu wa kutegemewa kazini. Tena husema kwamba wao wenyewe walifika walipofika kwa sababu ya kusoma usiku. Maneno haya si ya kudharauliwa, na kwa mwanafunzi wa sekondari nayakubali karibu yote. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya Serikali, aingiapo kidato cha kwanza hukuta masomo yake yamegeuka kuwa ya Kiingereza. Lugha ya kigeni haiingii kichwani kwa kumsikiliza mwalimu tu, wala hesabu haziingii hivyo. Hapana budi mkono urudie, na urudie tena.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Profesa Harris Cooper wa Marekani alikusanya habari za uchunguzi mwingi akazitoa mwaka 1989, na mara ya pili pamoja na wenzake mwaka 2006. Aliona kwamba katika madarasa ya juu wenye kufanya kazi ya nyumbani aghalabu hufaulu zaidi. Walakini kwa watoto wadogo faida ilikuwa haba sana. Serikali ya Ufaransa ilikataza tangu mwaka 1956 watoto wa shule za msingi wasipewe kazi za kuandika za kufanyia nyumbani. China nayo mwaka 2021 ilikataza kazi za kuandika kwa madarasa 2 ya kwanza, na kwa madarasa mengine ya shule ya msingi ikaweka mpaka wa saa 1 kwa siku.

Lakini sitaki tuyapime mambo ya kwetu kwa mizani ya Paris au Beijing peke yake. Mwalimu asemapo, "Kafanyeni nyumbani," husadiki moyoni mwake kwamba nyumbani pana mahali pa kukaa, pana taa, pana nafasi, na pana mtu mzima ajuaye kusoma na mwenye wakati. Haya ndiyo yatupasayo kuyatazama kwanza.

Chukueni mfano wa msichana wa kijiji kilicho juu ya uwanda wa Makonde. Uwanda ule hauna mito juu yake. Zamani watu walishuka mabondeni mwendo mrefu kuteka maji, na katika miaka ya 1950 mitambo ikaanza kuyapandisha maji juu. Hata hivyo, nyumba zisizo na bomba zingalipo, na mwenye kubeba ndoo aghalabu ni msichana. Atokapo shuleni hukuta maji yanamngoja, na kuni, na mtoto mchanga wa kubeba mgongoni, na mihogo ya kutwanga. Jua kwetu huchwa saa 12 jioni au karibu yake. Hapo ndipo apatapo kukaa, na kama nyumba haina umeme, huwasha kibatari ikiwa mafuta yapo. Tena msimu wa korosho ukifika, miezi ya mwisho ya mwaka, nyumba nzima huwa chini ya mikorosho, watoto kwa wazee, wakiokota na kutenganisha korosho na mabibo. Mzazi hawezi kulaumiwa kwa hayo, kwa kuwa sare na madaftari hutoka humo humo katika korosho.

Asubuhi mwalimu hukagua madaftari. Mtoto wa karani aliyesaidiwa na baba yake, au pengine aliyeandikiwa nusu na baba yake, husifiwa. Msichana aliyeteka maji hupigwa kiboko mbele ya wenzake. Sasa nauliza: alama ile ni ya nani? Si ya mtoto, bali ni ya nyumba. Mambo haya si ya Masasi peke yake. Uchunguzi wa wanafunzi wa miaka 15 uliofanywa mwaka 2012 katika nchi tajiri za OECD ulionyesha kwamba watoto wa nyumba zenye uwezo walifanya kazi ya nyumbani zaidi ya wenzao kwa saa 1 na nusu na zaidi kila juma. Kama ni hivyo huko kwenye umeme na vitabu, kwetu je? Na mtoto akipigwa leo na kesho kwa kosa lisilo lake, keshokutwa hujificha njiani, na baada ya muda huacha shule kabisa. Ndipo tunapoandika katika daftari, "Mtoro."

Nawarudia wale wenzetu wasemao kwamba kusoma usiku ndiko kulikowafikisha. Ni kweli, lakini walisomea wapi? Sisi tuliopita katika sekondari za misheni tulisoma usiku bwenini. Kengele ililia, taa iliwashwa, mwalimu au kiranja alikaa mbele, na maji yalikuwa yamekwisha kutekwa kwa zamu. Marehemu Martin Kayamba, aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali pale Tanga mwaka 1922, alisoma Kiungani, Unguja, nacho kilikuwa chuo cha bweni. Basi ile kazi iliyotujenga haikuwa ya nyumbani hata kidogo. Ilikuwa kazi ya shule, iliyofanywa katika nyumba ya shule, kwa taa ya shule. Tukimtaka mtoto wa kutwa afanye vile vile bila ya taa ile, tunamdai tulichopewa sisi bure.

Kwa hiyo naona mambo manne yafaa. Kwanza, kamati za shule ziombe kipindi cha mwisho cha siku kiwe cha mtoto kufanya zoezi lake peke yake, mwalimu akiwapo. Sisemi waongezewe saa, maana wengine hutembea mbali. Nasema kipindi hicho kiwe ndani ya ratiba. Hata usahihishaji utakuwa mwepesi kidogo, na tangu Januari 2016, ada ilipoondolewa hadi kidato cha nne, madarasa yamejaa sana, na kazi isiyosahihishwa haimfundishi mtu neno.

Pili, watoto wa madarasa ya chini wasipewe kazi ya kuandika nyumbani. Wapewe kumsomea bibi ukurasa mmoja, au kumwuliza babu kitendawili na kukileta darasani. Kazi hiyo haihitaji meza, na mzee asiyejua kusoma huwa naye mwalimu.

Tatu, mtoto asipigwe kwa kazi isiyofanywa. Aulizwe sababu kwanza, na miezi ya korosho kazi ipunguzwe.

Nne, nalo ni letu sisi wanachama. Wengi wetu tukaao mjini tuna umeme na baraza. Tufungue baraza zetu siku 2 kwa juma kwa watoto wa jirani walio sekondari. Wasichana waje alasiri, wasitembee gizani. Karani ajuaye Kiingereza na hesabu hawezi kusema hana cha kutoa.

Yamkini mtu ataniuliza, "Je, huyu hataki watoto wajitahidi?" Nataka sana. Walakini juhudi ya mtoto haiwezi kujulikana mpaka apewe mahali pa kuionyesha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini kwanza kitanda kiwepo.

Nangoja maoni ya wenzangu, hasa wa Newala, ambao jambo la maji walijua kuliko mimi.

Ni mimi, ndugu yenu katika kazi,

Karani, Masasi.