Jina la Müller na Maana Yake

Katika majina ya ukoo ya Wadachi hakuna lo lote lililoenea kama Müller. Hata Schmidt, yaani mhunzi, hulifuata nyuma. Maana yake ni msagaji, mwenye kinu cha nafaka. Zamani mtu alikuwa na jina moja tu. Tangu karne ya 12, miji ilipojaa watu, akina Hans wakawa wengi, ikabidi kuwapambanua, wengine kwa kazi zao. Na kwa kuwa vinu vilikuwako kila upande wa nchi, akina Müller nao wakatokea kila upande. Kaskazini huitwa Möller. Na wengi waliohamia Marekani wakawa Miller.

Lakini jina hilo halikuheshimiwa sikuzote. Msagaji alitwaa ujira wake katika unga, watu wakamdhania mwizi. Mahali pengi watoto wake walikatazwa kuingia katika vyama vya mafundi. Mwaka 1548 sheria ya Dola iliamuru wapokewe, na mwaka 1577 ikaamuru tena, maana dharau haifi upesi. Basi tusimpime mtu kwa kazi ya baba yake. Wale waliomdharau msagaji walikula mkate wa unga wake.