Muvi ya 2012 na mtoto anayekojoa kitandani

Jamani akina mama, leo tuongee kuhusu muvi ya 2012, ile ya Roland Emmerich iliyotoka mwaka 2009. Hapa Mwenge watoto bado wanairudia kila likizo. Dunia inapasuka, maji yanafunika hadi Himalaya, mabilioni wanakufa. Halafu mwisho wake? Meli zinaelekea Afrika, lakini Mwafrika wa kuwapokea hata mmoja hatumwoni! Kisha kale kabinti, Lilly, ka miaka 7, kanamwambia baba yake hakahitaji tena nepi za usiku. Imeisha hiyo.

Hapo ndipo muvi iliponiudhi. Yaani mtoto kaacha kukojoa kitandani kwa sababu ya mshtuko? Wapo wazazi wanaoamini hivyohivyo: mtishe, mchape, mtembeze mtaani na godoro lake, ataacha. Haachi. Katika watoto 100 wa miaka 7, kama 5 hadi 10 bado wanakojoa usiku. Wengi wanalala fofofo, kibofu kinajaa hawasikii, na mara nyingi baba au mama naye alikuwa hivyo (muulizeni bibi, atawaambia). Choo kigumu nacho kinachangia. Anywe maji ya kutosha mchana, apunguze jioni, akojoe kabla ya kulala, na shuka lifuliwe bila matusi.

Ila aliyekaa mkavu miezi 6 kisha akaanza tena, au ana kiu kali, anakonda, anaumia akikojoa, huyo mpelekeni kituo cha afya leo hii. Muvi ataikuta.